Kibuyu cha Mbegu ya Bibi

Kila asubuhi Bibi alikijulia hali kibuyu chake kwanza, ndipo akamjulia hali mjukuu wake. Alikiteremsha kutoka kwenye boriti, akakitikisa sikioni, akasikiliza punje zikicheza ndani, kisha akakitundika tena mbali na jiko. Humo mlikuwa na mbegu ya mpunga mwekundu unaonukia, aliyoachiwa na mama yake. Majirani walikwisha kuhamia mbegu za dukani. Bonde zima, aliyebaki nayo ni yeye peke yake.

"Bibi, siku moja kitakuitikia," mjukuu alimtania, huku akifagia. Shuleni walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika.

"Kikiitika, wewe sitakuwa na haja nawe tena," Bibi akajibu, wakacheka wote wawili.

Wiki ile Mwalimu alitangaza safari ya kwenda makumbusho. Kulikuwa na ukumbi mpya wa kilimo cha mpunga, na mwanafunzi atakayeleta kitu cha kale kutoka kwao, kitu hicho kitawekwa humo kwa muda na jina lake litaandikwa chini yake. Weh! Kipara, aliyekaa dawati moja na Chiriku, alianza kujipiga kifua siku ileile kwamba ataleta mchi wa babu yake. Chiriku roho ikamuuma. Akimwomba Bibi kibuyu atakataliwa, hilo alilijua. Akaona heri achukue kwanza, radhi aombe baadaye. Kibuyu kitarudi kabla ya msimu wa kupanda, Bibi atanuna kidogo, yataisha.

Siku ya safari Bibi aliwahi bondeni kuziba matuta. Chiriku akapanda kigoda, akakitia kibuyu mkobani.

Huko makumbusho waliona mifupa ya tembo na nyoka ndani ya chupa. Walipofika kwenye kabati la kwelea waliokaushwa, wale ndege walao mpunga, Kipara aliwapigia ukelele wa kuwafukuza kama yuko shambani, hata Mwalimu akashindwa kujizuia kucheka. Kisha wakaingia ukumbi wa mpunga, penye nyungo, vinu na majembe yaliyolika. Mtunzaji wa ukumbi, mwanamume mpole mwenye koti jeupe, alikipokea kibuyu kwa mikono miwili.

"Lo, hii ni hazina!" alisema. "Lakini niambie, binti. Hii ni mbegu ya kupanda, au ni ya maonyesho tu? Maana kila kitokacho shambani tunakipitisha kwenye tanuri kwanza, kuua fukusi na wadudu wengine wa nafaka."

Tanuri! Na Bibi hakutaka kibuyu kikae hata karibu na jiko. Darasa zima lilikuwa likimtazama Chiriku, na Kipara amenuna kwa wivu.

"Ya maonyesho tu," akasema.

"Na bibi yako ameruhusu?" Mwalimu akauliza.

"Amenipa mwenyewe, Mwalimu."

Mtunzaji akaondoka nacho. Njia nzima ya kurudi Chiriku hakufungua mdomo. Wenzake walidhani ana homa.

Nyumbani alikuta kelele. Bibi amesimama uani, khanga imemteleza begani, anamnyooshea kidole mama jirani.

"Jana nani aliingia jikoni kwangu kuomba chumvi? Si wewe?"

"Mama, miaka yote hii tunaishi pamoja, leo mimi mwizi?" jirani alijibu, machozi yanamtoka.

Chiriku angeweza kupita kimya kimya. Miguu ilikataa. "Bibi, mwache. Ni mimi," akasema, na yote yakamtoka, mpaka la tanuri.

Bibi hakumpiga wala hakumfokea. Alikaa chini palepale, mchangani.

Kesho yake Mwalimu, alipoambiwa yote, aliwapeleka Bibi na Chiriku makumbusho. Mtunzaji alimrudishia Bibi kibuyu, punje zimekwisha kupitishwa tanurini, akiomba radhi kwa kosa lisilo lake. Bibi alilowesha punje zote, akazifunga katika kitambaa, akazifunua kila asubuhi. Chiriku alichungulia pembeni yake, akimwomba Mungu amwonyeshe japo chipukizi moja. Punje zilivimba, zikaanza kunuka, zikaoza.

Mvua zilipokaribia, mama jirani aliingia na ungo wa mbegu za dukani, akauweka mlangoni. "Pandeni, msije mkalala njaa," alisema, akaondoka bila kukaa. Bibi alimfuata hadi kwake kumwomba msamaha. Alisamehewa, ila chumvi jirani hakuja kuomba tena.

Siku ya kupanda, Bibi alimwita Chiriku tutani.

"Mjukuu wangu, nisikilize. Ulipochukua kibuyu ulikosa, lakini kibuyu kingerudi. Yule bwana alikuuliza. Mwalimu akakuuliza. Mara zote mbili ungeiokoa mbegu ya mama yangu kwa kusema kweli, hata kwa kunong'ona. Haikuchomwa na tanuri ile. Imechomwa na uongo wako. Ukweli ukikuchelewa, uuseme hivyohivyo, lakini ujue hautarudisha kila kitu."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Inama, tupande."

Jioni Bibi alikifuta vumbi kile kibuyu kitupu, akamkabidhi Chiriku.

"Kirudishe makumbusho," alisema. "Sasa kweli ni cha maonyesho tu."