Beji ya Mama Katika Chumba cha Eksirei

Kila alasiri shule ilipofungwa, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikata kona kwenye duka la madaftari, akampungia mkono mlinzi wa lango la hospitali, kisha akaenda kukaa kwenye benchi refu nje ya chumba cha eksirei. Humo ndimo mama yake alimofanya kazi ya kupiga picha za mifupa na vifua. Juu ya mlango palikuwa na taa nyekundu. Ikiwaka, haingii mtu, awe mgonjwa au daktari mkuu.

Jina la Chiriku alibandikwa na Mrefu, mwenzake mama kazini, ambaye pia alikuwa jirani yao na ambaye Chiriku alimwita Mjomba. "Huyu mtoto mdomo wake haujui likizo," alisema siku moja, na tangu hapo jina likaganda.

Chiriku alipenda kutazama jinsi watu wa chumba kile walivyovaa. Aproni nzito zenye madini ya risasi ndani yake aliziona, na mama alishamweleza kwamba zinazuia mionzi. Halafu kwenye kifua cha koti jeupe la mama palikuwa na beji ndogo ya plastiki. "Bila hii siingii kazini," mama alizoea kusema. Chiriku akajumlisha mwenyewe: aproni ni kinga kubwa, beji ni kinga ndogo. Hakuona sababu ya kuuliza. Na tangu tumbo la mama lilipoanza kuonekana, tumbo la mtoto ambaye familia nzima ilimsubiri kwa miaka mingi, Chiriku alikuwa akiikagua ile beji kila alasiri kama mlinzi anayekagua kufuli.

Kisha bibi akaugua. Mama akaomba ruhusa ya siku chache, akaliacha koti lake, beji ikiwa kifuani, ndani ya kabati la ukumbini. Chiriku aliendelea kuja hospitali ili arudi nyumbani pamoja na Mrefu. Alasiri ya kwanza tu, jicho lake likagundua jambo.

"Mjomba, beji yako iko wapi?"

"Imebaki kwenye suruali nyingine. Usinitishe, Chiriku. Mimi ngozi yangu ya kiboko. Mionzi ikiniona inageuza njia."

Wagonjwa kwenye benchi wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Chiriku hakucheka. Mjomba wa watu ataingia vitani bila ngao! Jioni, taa nyekundu ikiwa imezimwa na mlango ukiwa wazi kwa ajili ya kupigwa deki, alilichukua koti la mama kabatini, akaingia chumbani kwa kunyata na kulitundika kwenye kulabu ya ukutani, karibu kabisa na ubao ambao wagonjwa huegemeza vifua. Beji ya mama ilikuwa imekaa bure kabatini. Acha imlinde Mjomba.

Mrefu hakushtuka. Makoti meupe hospitalini ni mengi, nani anahesabu? Siku moja kabla ya mama kurudi, Chiriku alilirudisha koti kabatini kimyakimya. Hakumwambia mtu. Moyoni alijiona shujaa.

Mwezi ulipokwisha, beji zote zilikusanywa zikapelekwa kusomwa. Maisha yakaendelea, hadi alasiri moja Chiriku alipomkuta mama hayuko chumbani. Alikuwa kwenye dirisha la mapokezi, anaandikisha wagonjwa, macho mekundu.

"Mama, mbona umekaa huku?"

"Wamenihamisha kwa muda. Kaa hapo, mwanangu."

Usiku ule hakupata jibu jingine. Ila ukuta wa chumba chake ulikuwa mwembamba, akamsikia mama akimwambia baba kwa sauti ya kukatika: "Beji yangu imeonyesha mionzi mingi kuliko ya wote. Mimi kila mara nasimama nyuma ya kioo. Sasa imenipata wapi? Na huyu aliye tumboni, baba Chiriku, huyu je?"

Chiriku alibaki ametumbua macho gizani. Mambo hayakumwingia akilini hata kidogo. Kama beji ni kinga, imeshindwaje kumkinga mama? Au ilichoka kwa kumlinda Mjomba? Au mama alidhurika kwa sababu ngao yake ilikuwa imeazimwa? Lakini siku zile mama alikuwa kwa bibi, na kwa bibi hakuna mashine! Aligeuza wazo hili, akageuza lile, hakuna lililokuwa na kichwa wala miguu. Kesho yake shuleni mwalimu alimuuliza saba mara nane, akajibu, "Sijui nani alilihamisha koti." Darasa zima likaangua kicheko.

Siku iliyofuata hospitali ikapata mgeni. Mwanamke mfupi, viatu vya raba, amebeba sanduku zito la vyombo.

"Ni daktari?" Chiriku alimnong'oneza mama.

"Si daktari wa kutibu. Ni mtaalamu wa fizikia ya tiba. Kazi yake ni kuhakikisha mgonjwa anapata mionzi ya kutosha picha, isizidi hapo, na sisi wafanyakazi tusipate isiyotuhusu. Ndiye anayepima mashine na kuta, na ndiye anayesoma beji."

Mgeni aliomba ndoo ya maji. Akaiweka juu ya meza, mbele ya ubao wa vifua, mahali anaposimama mgonjwa.

"Leo hata ndoo inaumwa?" aliuliza mzee mmoja kutoka benchi.

"Inakohoa tangu juzi, mzee wangu," Mrefu akamjibu.

Mtaalamu akacheka pamoja nao. "Mwili wa mtu sehemu kubwa ni maji. Siwezi kumpiga mtu mionzi ili nipime kuta tu, basi ndoo inasimama badala yake." Taa nyekundu ikawaka. Yeye akazunguka nje na chombo mkononi: mlangoni, ukutani, nyuma ya kioo anaposimama mama. Taa ikazimika, ikawaka tena. Kila mahali alitikisa kichwa: hakuna mionzi iliyovuja.

Baadaye aliketi na mama na Mrefu katika chumba cha chai. Mlango ulikuwa wazi, na Chiriku alikuwa kwenye benchi, masikio yamesimama.

"Dada, nimechanganyikiwa," mtaalamu alisema. "Mashine ni nzima. Mahali unaposimama ni salama. Lakini beji imejaa. Na kuna kitu kingine. Ndani ya beji kuna kipande cha filamu, na juu yake vijipande vya chuma. Mtu akiivaa anatembea, anageuka, kwa hiyo kivuli cha chuma hutoka na ukungu. Chako kimenyooka kama kimepigwa rula. Hii beji ilipata mionzi ikiwa imetulia mahali pamoja. Je, uliwahi kuiacha chumbani?"

"Haki ya Mungu, sijawahi! Nilipoondoka niliiacha kabatini, na nikaikuta kabatini."

"Basi tusipopata jibu, itabidi nihesabu kwamba mionzi hii uliipata wewe. Na mtoto pia."

Mama akaweka mikono yote miwili tumboni.

Chiriku bado hakuelewa beji ilifanya nini, lakini alielewa jambo moja: watu wazima wote walikuwa gizani, na yeye ndiye aliyejua beji ilikuwa wapi. Akapiga moyo konde, akasimama mlangoni.

"Haikuwa kabatini," alisema. "Niliitundika mimi. Pale kwenye kulabu, karibu na ubao wa vifua. Mama alipokwenda kwa bibi."

"Chiriku!" mama alimaka. "Ili iweje?"

"Mjomba hakuwa na beji yake. Nilitaka imkinge."

Mrefu aliinamisha kichwa, na urefu wake wote ukaonekana kumwisha. Mtaalamu alimvuta Chiriku karibu.

"Mwanangu, ukiwa na homa, kipimajoto kinakuponya?"

"Hapana. Kinaonyesha tu."

"Na beji ni hivyohivyo. Haizuii hata chembe ya mionzi. Inaweka kumbukumbu tu ya kiasi kilichoifikia."

Chiriku alikunja uso, akawaza. "Kwa hiyo... ilikuwa inapigwa yenyewe? Mama akiwa kwa bibi?"

"Ndivyo unavyosema. Lakini mimi sitosheki na maneno, hata yakiwa matamu kiasi gani. Twende tukapime."

Chombo kikatundikwa kwenye ile kulabu, ndoo ikarudishwa mbele ya ubao, watu wote wakatoka, taa nyekundu ikawaka. Mtaalamu alirudia mara kadhaa, akasoma, akapiga hesabu za siku zile, akalinganisha na ile filamu. Mama alisimama anamtazama midomo tu. Hatimaye mtaalamu akamgeukia.

"Zinalingana. Dada, mionzi ile iliipata beji ukutani. Wewe hukuwepo, na mtoto hakuwepo. Kesho unarudi kazini kwako, na nitakupa beji ya pili uivae kiunoni, chini ya aproni, iangalie upande wa mtoto mpaka ujifungue."

Mama aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, akalia kwa sauti, huku anacheka.

"Nawe, kaka," mtaalamu alimwambia Mrefu, "umetuharibia kumbukumbu mbili kwa mzaha mmoja. Ya dada yetu inadanganya, na yako ya siku zile haipo kabisa. Kama ungepigwa mionzi, leo ningekusaidiaje?"

"Nimekosa," Mrefu alisema. Safari hii hakutafuta utani.

Kisha mtaalamu akachuchumaa mbele ya Chiriku. "Nia yako ilikuwa njema, lakini nia haimwambii mtu kitu fulani kinafanya kazi gani. Chombo cha kazi usichokielewa, uliza kwanza, na usikiguse bila ruhusa. Ungenyamaza leo, ningeandika jibu la uongo bila kujua, na mama yako angebeba hofu hiyo pamoja na mtoto. Mimi nina vyombo vya kupima mionzi. Cha kupima lililo moyoni mwa mtu sina. Hilo lazima mtu aliseme mwenyewe."

"Nisamehe, Mama," Chiriku alisema.

Mama alifuta uso kwa ncha ya koti, akamkumbatia mpaka tumbo likawa katikati yao.

"Mtoto wangu mmoja yuko salama, na mwingine amesema kweli," alisema. "Leo nitalala."