Jicho la Lango la Tatu

Jicho la lango la tatu lilihitaji sekunde moja na nusu kumsoma mtu. Lilipima jasho la usoni, mtetemo wa vidole, upana wa mboni na mwendo wa hatua, kisha likatoa alama kati ya sifuri na mia. Aliyefika themanini alizuiwa. Wahandisi waliuita mtambo huo kisomania, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusoma nia kabla haijawa tendo. Tangu ufungwe katika Stesheni Kuu ya Jiji la Kilele, miaka minne iliyopita, hakuna silaha iliyopita pale.

Juu ya lango ilielea droni ndogo yenye wavu wa umeme. Askari hawakusomwa. Beji iliyoshonwa ndani ya koti la sare ililiambia jicho liwaruke.

Saa nane mchana Sajenti Zamda Mkwizu alikuwa peke yake langoni. Mwenzake, Konstebo Lusajo, alikuwa kantini.

"Afande, nikuletee chapati, au bado umegoma kula?" Lusajo aliuliza redioni.

"Kula zako, uache maneno."

Hakuwa amegoma. Alijidunga insulini saa sita akitegemea kula, kisha treni mbili zikaingia kwa pamoja na abiria wakajaa. Zamda alikuwa na kisukari kwa miaka sita, na kikosini hakuna aliyejua. Kanuni ilimtaka askari anayetumia insulini arudishe silaha na kuhamishiwa masjala.

Kwanza alihisi joto. Jasho likamlowesha shingo. Akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akapiga hatua tatu kulifuata bomba la maji upande wa pili wa lango. Akili iliyopungukiwa sukari haitambui kosa lake; hiyo ni sehemu ya ugonjwa.

Jicho likamsoma. Tisini na mbili.

"Simama. Nyoosha mikono. Usiisogeze. Askari anakuja," droni ikasema, ikishuka hadi usawa wa kifua chake.

Nyuma yake, redio iliyokuwa ndani ya koti ikaita: "Sajenti Mkwizu, mshukiwa lango la tatu. Sajenti Mkwizu, jibu."

Vidonge vya glukosi vilikuwa kwenye mfuko wa suruali, chini kidogo ya kiuno. Mkono ukigusa mfuko, wavu unafyatuka. Kanuni hiyo aliwafundisha makuruta yeye mwenyewe. Alijua pia kwamba sukari ikizidi kushuka mtu hupata degedege, kisha hupoteza fahamu, na kwamba akianguka droni itahesabu kuwa ni shambulio. Mikono yake ilianza kuwa mizito. Kidole cha mwisho cha kushoto kilicheza, na droni ikasogea karibu.

Abiria walirudi nyuma.

"Kalewa huyo."

"Suruali ya polisi ile! Kaiba wapi?"

Lusajo alikuja mbio, bastola mkononi, akasimama umbali wa hatua kumi kama kanuni ilivyotaka.

"Afande? Umekunywa?"

Ulimi wa Zamda haukumtii. "Kisukari," alisema kwa shida. "Mfukoni."

"Unasema nini?"

"Lusajo. Nakufa."

Lusajo aliitazama droni, kisha koti kitini. Hakuna aliyewahi kumrushia kitu mtu aliyezuiwa, na hakuna aliyejua mtambo ungefanya nini. Alirudisha bastola kiunoni, akalinyakua koti, akalirusha. Lilimwangukia Zamda begani. Droni ilibaki pale pale kwa sekunde mbili, wavu wake umefunguka nusu. Kisha ikapaa.

Zamda alitafuna vidonge vinne akiwa amepiga magoti. Baada ya robo saa kipimo chake kilisoma nne nukta moja, kiwango salama.

"Ungeniambia, afande," Lusajo alisema. "Hizo chapati ningekulisha kwa nguvu."

Zamda aligeukia skrini ya lango. Akaisoma taarifa ambayo mtambo ulikuwa umeiandika juu yake: jasho jingi, kutetemeka, maneno yasiyoeleweka. Aliingiza dalili hizo tatu katika kumbukumbu za kituo, akaongeza ya nne, kujaribu kutia mkono mfukoni. Kwa mwaka huo peke yake yalitokea majina sitini na matatu. Thelathini na moja yalithibitishwa kuwa ya washukiwa kwa sahihi yake.

Jina la mwisho lilikuwa la siku hiyo, saa tatu na robo asubuhi. Asnath Kibwana, miaka hamsini na minane. Amepigwa wavu. Mahabusu, chumba cha pili. Hali: amelala.

"Lusajo, ufunguo. Haraka!"

Mwanamke yule alikuwa sakafuni, uso ukutani. Mkoba wake ulikuwa nje ya mlango, umefungwa kwa lakiri.

"Mama! Mama Asnath!"

Hakuitika. Zamda alimtoboa kidole kwa kipimo chake mwenyewe. Moja nukta tatu. Akamlaza ubavu, akakimbilia kabati lake, akarudi na sindano ya dharura ya kupandisha sukari, ile aliyoificha kwa miaka sita, akamdunga pajani mbele ya Lusajo na askari wawili wa zamu. Lusajo aliita gari la wagonjwa, akalazimika kurudia anwani mara mbili.

Zamda aliweka kiganja mbele ya pua ya mwanamke, akaanza kuhesabu pumzi. Zilikuwa chache, na kati ya moja na nyingine alisubiri bila kujua kama ingekuja.

Juu ya mlango, jicho la mahabusu lilimaliza kumsoma mfungwa wake. Taa ya kijani ikawaka. Alama nne. Mtulivu.