Aqil Halipwi Bure

Kila Jumamosi asubuhi Zeituni alimsindikiza mama yake ufuoni Dunga kununua samaki wa kukaanga na kuuza. Zeituni alibeba karai, mama akabeba maneno, kwani Mama Aqil, kama wavuvi walivyomwita, alijua kupatana bei hata na mtu aliyeapa kutoshusha. Wavuvi walipomaliza kuuza, walitenga samaki wa mboga, yaani wale wa kupeleka nyumbani, wakawagawa juu ya turubai kwa mafungu yaliyolingana.

Asubuhi hiyo Zeituni aliona jambo lililomshangaza. Oyugi, ambaye kazi yake katika mashua ilikuwa kuchota maji yaliyoingia na kuyamwaga nje, alipewa fungu sawa na wale waliovuta nyavu.

“Mama, mbona yeye hakuvua hata samaki mmoja?” alinong’ona.

Oyugi alikuwa na masikio. “Nyathina, mtoto wangu,” alisema huku akicheka, “ngoja siku moja nilale nyumbani. Halafu uulize hawa kama mashua ilirudi.”

Wavuvi wakacheka. Zeituni hakucheka, kwa sababu swali lake halikuwa la Oyugi tu. Lilikuwa la kaka yake.

Aqil alikuwa mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu katika timu ya kampuni moja mjini Kisumu. Hakuwa mfungaji. Mfungaji alikuwa Byron, kijana ambaye mashabiki walimbandika noti kwenye jasho la paji la uso kila alipotoka uwanjani. Kazi ya Aqil ilikuwa kumganda mchezaji hatari wa timu pinzani, kuwania mipira iliyorudi kutoka ubaoni, na kusimama imara mbele ya mlinzi aliyemkaba Byron ili Byron apate nafasi ya kurusha. Kwa kazi hiyo alipata mshahara, na tangu baba yao afariki, mshahara huo ndio uliolipa kodi ya nyumba na karo ya Zeituni. Sasa mkataba wake ulikuwa ukingoni. Meneja alikuwa amesema ataamua baada ya mechi ya Jumamosi hiyo.

Shuleni, Kageha, rafiki yake wa dawati moja, alikuwa amemchoma mbele ya darasa zima. “Kwani kaka yako analipwa mshahara ya nini? Mechi yote hakufunga hata moja! Hiyo kazi ya kusimama hata mimi naweza.”

Darasa liliangua kicheko. Zeituni aliinamisha kichwa, na aibu ile haikumtoka hadi mwisho wa wiki.

Basi mchana huo, walipoketi kula ugali, alishindwa kujizuia.

“Kaka, leo ufunge. Tafadhali.”

“Kazi yangu si hiyo, Zetu.”

“Lakini watu wanasema unalipwa bure! Meneja naye anawasikia. Wakikuacha, tutafanyaje?” Machozi yakamtoka.

“Mwache mwenzio ale,” mama alimkanya.

Aqil aliweka tonge chini. Angeweza kustahimili kelele za uwanja mzima, lakini si kilio cha mdogo wake. “Haya, nyamaza,” alisema. “Nitajaribu.”

Zeituni alipanguza machozi akaona amefanya jambo la maana. Laiti angejua.

Jioni jukwaa lilijaa pomoni. Mechi ilipoanza tu, Aqil aliupata mpira mbali na kikapu. Byron alikuwa ameinua mkono akiuomba, lakini Aqil alirusha mwenyewe. Mpira uligonga chuma ukaruka nje. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alimwacha mtu wake ili akimbilie kikapu, mpira ukaporwa, na yule mtu aliyeachwa akafunga bila kuguswa na yeyote.

“Aqil! Umetumwa?” Kocha Laban alifoka.

Alikuwa ametumwa, naam, na aliyemtuma alikuwa jukwaani, amejishika mashavu. Zeituni alitamani kupiga kelele, “Kaka, usifunge tena! Fanya kazi yako!” Lakini sauti yake ingefika wapi katikati ya mamia ya watu? Hakuwa na filimbi, hakuwa na la kufanya. Kocha akamtoa Aqil, akamketisha benchi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Bila Aqil kumsimamia mbele, Byron alizingirwa na walinzi wawili kila alipogusa mpira. Yule mpinzani hatari naye alipita anapotaka. Zeituni aliyaona yote kwa mara ya kwanza, kwa sababu sasa hayakuwapo. Timu ikashindwa vibaya.

Kwenye lango la kutokea, alimsikia meneja akimwambia kocha, “Huyu kijana tunamlipia nini hasa? Sioni haja ya mkataba mwingine.”

Nyumbani Aqil hakulalamika. Alifunga viatu vyake vya mchezo ndani ya mfuko, akasema atakwenda Nairobi kutafuta kazi yoyote. Hakumlaumu dada yake hata kwa jicho. Jambo hilo lilimuumiza Zeituni kuliko matusi. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye ndiye aliyeyamwaga.

Kesho yake alishindwa kula, akamweleza mama kila kitu. “Haya, uliyoniambia mimi utamwambia kocha,” mama alisema. “Kaka yako asibebe mzigo wako.”

Jumatatu baada ya masomo walikwenda uwanjani kabla ya mazoezi. Zeituni alisimama mbele ya Kocha Laban, akasema, “Ni mimi niliyemlilia afunge. Watu walikuwa wakimcheka.”

Byron alikuwa karibu, akasikia. “Kocha, si nilikuambia? Aqil alipokaa benchi, mimi niliona giza pale!”

Kocha akashusha pumzi. “Asante kwa kusema ukweli, binti. Lakini mwenye uamuzi si mimi. Ni yule pale.” Alimwelekezea kidole meneja, ambaye alikuwa ameshaichukua jezi ya Aqil na kuishika mkononi.

Kocha alimwendea. “Bwana Meneja, kaa hapa kidogo. Nakuomba kitu kimoja tu. Usiangalie mpira. Mwangalie Aqil peke yake.”

Meneja aliketi bila hamu. Aqil, aliyekuwa amekuja kuwaaga wenzake, aliitwa uwanjani, na mazoezi yakaanza. Zeituni alimkazia macho meneja, akijaribu kusoma uso wake, na uso ule haukusema neno. Hakukuwa na la kusaidia ila kungoja. Aqil alikimbia, akajipanga, akapokea kishindo cha bega, akainuka. Byron akafunga. Aqil akarudi nyuma kumganda mtu wake. Akajipanga tena, Byron akafunga tena.

Hatimaye meneja alikuna kidevu. “Kumbe!” alisema. “Miaka yote hii nimekuwa nikiangalia mpira.” Akairudisha ile jezi kwa kocha. “Kesho aje ofisini tuandikishane upya.”

Mama alimshukuru Mungu kwa sauti. Zeituni alilia tena, na safari hii hakuna aliyemkanya.

Kocha aliwaita kaka na dada. “Aqil, mtu akiacha kazi anayoijua ili kuwaridhisha wapiga kelele, ataipoteza kazi na kelele pia. Nawe Zeituni, kidole kimoja hakivunji chawa. Ukitaka kujua kama mtu anastahili mshahara wake, usihesabu makofi anayopigiwa. Tazama kinachoharibika akikosekana.”

Zeituni akamkumbuka Oyugi na maji ya mashua, akaona haya.

Jumamosi iliyofuata Kageha aliketi naye jukwaani. Byron aliushika mpira, akaanza kuzunguka kushoto. Hapohapo Aqil alisogea, akakita miguu yake mbele ya mlinzi. Zeituni alirukaruka akipiga makofi kwa nguvu zote.

“We! Unashangilia nini?” Kageha alishangaa. “Bado hakuna mtu amefunga!”

“Ngoja,” Zeituni alisema.

Mpira ukaingia.