Jalada Kabla ya Kitabu

Kila alasiri, akishatoka shule na kubadili sare, Kisiki alikwenda moja kwa moja kwenye kiwanda cha baba yake cha uchapaji. Kiwanda lilikuwa jina la heshima tu. Kwa kweli kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mashine ya kuchapia, mashine ya kukatia karatasi, kompyuta moja kuukuu, na harufu ya wino iliyoingia mpaka kwenye nguo zilizotoka kufuliwa. Kazi ya Kisiki ilikuwa kukunja kadi za mialiko na kuzipanga kwenye maboksi. Alikuwa na jina lake halisi, lakini hilo lilibaki shuleni. Nyumbani na mtaani wote walimwita Kisiki tangu alipokuwa mdogo, kwa sababu akishasema hapa sitoki, hapakuwa na wa kumng'oa.

Siku hiyo alikunja kadi haraka kuliko kawaida, kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, nataka kuandika kitabu."

Kaka yake, aliyekuwa akifuta mashine kwa kitambaa, aliangua kicheko. "Wewe? Insha ya ukurasa mmoja tu unaomba uongezewe muda, kitabu utakiweza?"

"Nitakiweza. Na kikitoka usije ukaniomba nikuazime."

"Muache mwenzako," baba alisema, huku akivuta kiti mbele ya kompyuta. "Haya, mwandishi, kitabu chako kinaitwaje?"

"Nahodha wa Sayari ya Saba."

Katika familia nyingine, mzazi angempa mtoto kalamu. Lakini hawa walikuwa wachapaji, na kwa wachapaji kitabu huanza na jalada. Wateja waliingia pale na maandishi yao yakiwa tayari, yameandikwa huko walikotoka, nao waliuliza kwanza jalada litakuwaje. Kisiki alikuwa ameona majalada tangu alipokuwa akitambaa chini ya meza ile, na hakuwahi hata siku moja kumwona mtu akihangaika kutafuta sentensi. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa baba alipoanza kuchora chombo cha angani, akakitia rangi ya buluu iliyokolea, akaandika jina kamili la binti yake kwa herufi kubwa. Alilichapa jalada, na lilipokauka alikata bunda la karatasi nyeupe, akalibandika ndani ili kitabu kikae vizuri mkononi.

"Tayari," alisema, akimkabidhi. "Bado maneno tu."

Kesho yake Kisiki aliingia darasani kichwa kimevimba. Alikiweka kitabu juu ya dawati, jalada juu, akajifanya anatafuta kifutio kwenye mkoba. Wenzake walijaa mara moja. Walipapasa herufi za jina lake, wakanusa wino. Mmoja aliponyoosha mkono akifungue, Kisiki alikinyakua.

"Hakisomwi mpaka kikamilike," alisema.

Hakudanganya, lakini hakusema kweli pia, na alijua hivyo. Kila mtu aliondoka pale akiamini kwamba ndani mlijaa maandishi. Isipokuwa Kasuku. Huyu alikuwa msichana wa dawati la nyuma, aliyeitwa hivyo kwa sababu alilosikia yeye, shule nzima ililisikia kabla ya mapumziko.

"Humo ndani hamna kitu," Kasuku alisema. "Mtoto haandiki kitabu."

"Nani kasema haandiki?"

"Watu wote wanajua. Vitabu wanaandika wakubwa."

"Basi mimi ndiye mtoto atakayeandika. Utafanyaje?"

Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amefika mlangoni na kusikia hayo ya mwisho. Alikuwa mwanamke mpole, lakini alipofurahi hakujizuia, na sasa alikuwa amefurahi kupita kiasi. Alilitazama jalada, akapiga makofi, akatangaza kwamba Ijumaa kipindi chake chote kitakuwa cha kusikiliza kitabu cha mwanafunzi wake. Hata ukurasa wa kwanza peke yake utatosha.

Hapo Kisiki angeweza kusema kweli. Maneno yalimfika kwenye ncha ya ulimi. Lakini Kasuku alikuwa akimtazama huku ametabasamu, na tabasamu lile lilimchoma.

"Ijumaa nitasoma," alisema, macho makavu.

Jioni hiyo alikaa kwenye kona ya kiwanda na kalamu mpya. Aliandika: "Hapo zamani palikuwa na nahodha." Akalitazama jalada, akaitazama sentensi. Jalada liling'aa, sentensi ilikuwa imekaa tu pale, haina ladha. Aliichana. Akaandika nyingine, akaichana pia. Siku iliyofuata ilikuwa vilevile, na sakafu ya kona yake ilijaa vipande vya karatasi. Kila sentensi iliyotoka ilimwaibisha. Mtu mwenye jalada kama lile, alijiambia, hawezi kuanza na maneno kama haya. Alhamisi ilipofika, maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Mezani kwa baba palikuwa na kurasa za dereva mmoja mstaafu aliyekuwa akichapisha habari za maisha yake barabarani. Kisiki aliisoma sentensi ya kwanza akiwa amesimama. "Injini ilipozima katikati ya mteremko, nilijua kwamba kuanzia hapo ni mimi na usukani tu." Akairudia. Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi! Alichungulia huku na huku, akakaa, akaanza kunakili. Gari akalifanya chombo cha angani. Mteremko akaufanya anga. Mengine aliyaacha kama yalivyokuwa, na kwa mara ya kwanza wiki ile ukurasa ulijaa bila kuchanwa.

Baba alirudi kutoka kununua wino akamkuta anatabasamu. "Hatimaye! Hebu nione."

Aliusoma ukurasa akiwa amesimama. Kisha aliusoma tena polepole, na uso wake ukabadilika.

"'Ni mimi na usukani tu,'" alisoma kwa sauti. "Mwanangu, maneno haya nimeyapanga mimi mwenyewe kwenye kompyuta jana. Yule mzee alikaa kwenye kiti hicho hicho akaniambia alipoyaandika alilia. Umemchukulia maneno yake."

"Nimebadilisha! Lake ni gari, changu ni chombo!"

"Umebadilisha nguo. Mwili ni wake."

Kisiki alisimama kwa nguvu hata kiti kikaanguka. Alikuwa na aibu, na aibu ilimtoka kama hasira.

"Basi nifanyeje? Sina kitabu! Wewe ulinipa jalada zuri, na kila ninachoandika ni kibaya. Kibaya, baba! Kesho Kasuku atanicheka mbele ya watu wote, na atakuwa na haki!"

Baba hakumgombeza. Aliinua kiti, akakaa juu yake mwenyewe, akajikuna kidevu.

"Hilo la jalada nimekosea mimi," alisema. "Nilitaka kukufurahisha, nikakutwisha mzigo. Njoo huku."

Aliiwasha mashine. Ilikohoa, ikanguruma, ikaanza kutema karatasi. Ya kwanza ilitoka na madoa meusi. Iliyofuata ilikuwa imefifia upande mmoja. Nyingine ilitoka mstari umepinda. Kisiki alikuwa amezikanyaga karatasi za namna hiyo maisha yake yote, kwa kuwa zilitupwa chini kila siku, na hakuwahi kuzifikiria.

"Mbona sikuizima mashine ilipotoa hii mbaya?" baba aliuliza.

"Si zinakuwaga hivyo mwanzoni?"

"Na ningeizima kila ikitoa mbaya?"

Kisiki aliitazama mashine. Karatasi ziliendelea kutoka, na sasa maandishi yalianza kusomeka.

"Usingepata hata nzuri moja," alijibu mwishowe, kwa shingo upande.

"Basi andika hizo mbaya. Ziandike na uziache zikae hapo. Lakini ziwe zako."

Alimwachia kona yake akaenda kufunga oda ya kadi. Kisiki alilibandua jalada kutoka kwenye bunda la karatasi, akaliweka mbali asilione. Kisha akaanza. Sentensi ya kwanza ilikuwa mbovu. Aliikodolea macho, mkono ukimwasha kuichana, akaiacha na kuandika ya pili. Aliandika mpaka kaka yake alipokuja kufunga madirisha. Naye kaka, alipoona uso wake, safari hii hakufanya utani.

Ijumaa darasa zima lilikuwa likingoja. Kisiki alikwenda mbele. Mkononi alikuwa na lile bunda lisilo na jalada.

"Kabla sijasoma," alisema, "kile kitabu mlichokiona hakikuwa na kitu ndani. Kilikuwa jalada na karatasi nyeupe. Niliwaacha muamini vinginevyo."

Darasa lililipuka kwa kicheko. Kasuku alisimama juu ya kiti. "Si niliwaambia! Si niliwaambia mimi!"

"Uliwaambia, na ulisema kweli," Kisiki alimjibu, sauti imepanda. "Ndani hamkuwa na kitu. Leo kuna ukurasa mmoja. Una makosa, una sehemu nimefutafuta, na mwanzo wake haunifurahishi. Lakini hakuna aliyeniandikia. Sasa kaa chini nisome."

Kasuku alikaa. Hata yeye mwenyewe alishangaa kwamba amekaa.

Kisiki alisoma. "Siku ambayo chombo kilitakiwa kuruka, nahodha alikuwa amejifungia chooni. Alikuwa amewaambia watu wote kwamba anajua kukirusha. Hakujua. Alijua kuvaa kofia tu." Watu walicheka, na safari hii hawakumcheka yeye. Alijikwaa kwenye sentensi aliyoifuta vibaya, akairudia, akaendelea. "Nje abiria walikuwa wameshapanda na mizigo yao. Wengine walikuwa wameuza nyumba zao kwa ajili ya safari hii. Nahodha aliposikia sauti za watoto wao, akaona heri afie humo humo chooni. Ndipo mlango ukagongwa. 'Nahodha,' sauti ikasema, 'tunaondoka saa ngapi?'"

Akalifunga bunda.

"Halafu?" mtu aliuliza kutoka nyuma. Alikuwa Kasuku.

"Halafu nini?"

"Alifungua mlango au hakufungua?"

"Sijui," Kisiki alisema. "Bado sijaandika."

"Sasa unatuacha hivi hivi? Andika basi!"

Kisiki alitaka kumkumbusha kwamba watoto hawaandiki vitabu, lakini alimwacha, kwa kuwa furaha ilikuwa imemjaa.

Mwalimu alikuja mbele akamshika bega. "Mimi nami nililishangilia jalada," alisema, "wala sikumuuliza ameandika nini. Nilikosea. Watoto, sikilizeni. Ukitaka watu wakusifu kwa kazi ambayo hujaifanya, utaishi kwa hofu ya kuumbuka, na hofu hiyo itakufikisha hata kwenye kuiba cha mwenzako. Mwenzenu leo amekubali kuchekwa ili aanze upya na kilicho chake. Kazi yoyote kubwa mtakayoifanya, mtaianza hivyo hivyo: vibaya, kwa mikono yenu wenyewe, na bila kuacha."

Kisha alifuta ubao na kuwaambia watoe madaftari ya sarufi. Kasuku alitoa lake, wengine wakatoa yao. Kisiki alikuwa amesharudi kwenye dawati lake, ameinama, kalamu inakimbia.

"Sarufi," mwalimu alimwambia. "Kitabu baadaye."

"Ngoja kwanza, mwalimu," Kisiki alisema bila kuinua kichwa. "Anafungua mlango."

Na mwalimu, chaki mkononi, akangoja.