Kilichoiua Gasketi

Chiiiii.

Mlio ulitoka nyuma ya migomba, mwembamba, wa kuudhi, kama birika lililosahauliwa motoni. Dorcas alikuwa uani akipepeta maharage. Alisimamisha ungo. Gari lilikuwa bado halijaonekana, lakini hakuhitaji kuliona.

"Limechemsha tena," alisema.

Mkwewe, Mama Kezia, alikuwa mkekani akimenya mihogo. Hakuinua kichwa. "Ego, ndiyo," alijibu. "Siku hizi linapiga kelele kabla mwenyewe hajabisha hodi."

Gari likatokea. Lilikuwa gari dogo jeupe, mchomoko wa kubeba abiria kati ya Kibondo na Kasulu. Moshi mweupe ulikuwa unapanda kutoka kwenye boneti. Fidele, mume wa Dorcas, alishuka na kufunga mlango kwa nguvu. Hakusalimia mtu. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akaliangalia gari lake kama mtu anayemwangalia rafiki aliyemsaliti.

Na kweli alilipenda. Kila alfajiri aliliosha mpaka matairi. Madereva wenzake wa stendi ya Kibondo walimwita Bwana Harusi, kwa sababu gari lake siku zote lilionekana kama linakwenda kubeba maharusi. Alilinunua Kasulu, likiwa limetumika, na muuzaji akampa dhamana ya miezi mitatu. Miezi hiyo yote gari lilitulia kama mtoto aliyeshiba. Dhamana ilipokwisha tu, mshale wa joto ukaanza kupanda.

Fidele alirudi kwa muuzaji. Muuzaji alimsikiliza huku anakunywa chai.

"Dhamana imekwisha, ndugu yangu," alisema. "Sasa gari ni lako, na maradhi yake ni yako."

Basi Fidele akaenda kwa fundi Salumu, mwenye gereji karibu na soko. Salumu alifungua injini, akasema gasketi imeungua. Gasketi ni kile kipande chembamba kinachokaa katikati ya injini na kichwa chake, ili maji, oili na moto visikutane. Salumu akaweka mpya. Gari likatembea vizuri kwa muda, kisha likachemsha. Akaweka nyingine. Gasketi ya kwanza ilikula sare za shule za watoto. Ya pili ilikula mabati ya jiko. Na sasa gari limechemsha tena.

"Umempitia Salumu?" Dorcas aliuliza.

"Nimempitia. Amesema safari hii nisimpelekee gasketi. Nimpelekee injini."

Hakuna aliyeuliza pesa ya injini itatoka wapi. Wote walijua. Nyumba ile ilikuwa na kitu kimoja tu cha kuuzwa: shamba la Busunzu.

Mama Kezia aliingia nchi hii kutoka Burundi, Fidele akiwa mgongoni. Alikaa kambini, akalima vishamba vya kuazima, akavuna na kuondoka kila mwenye shamba alipomtaka aondoke. Walipopata uraia, kitu cha kwanza walichonunua kwa jina lao kilikuwa shamba lile. Hawakuanza na kitanda wala redio.

"Longinus analitaka," Fidele alisema, macho yake yakiwa chini. "Limepakana na la kwake. Anasema nikiwa tayari hata kesho."

Kisu cha Mama Kezia kilisimama kwenye muhogo.

"Mwanangu," alisema taratibu, "mimi nimeshahamishwa vya kutosha. Sikuwahi kudhani atakayenihamisha tena atakuwa wewe."

Fidele aliinuka kwenye kinu. Dorcas akaona kwamba mtu akisema neno moja zaidi, watagombana, na shamba litauzwa kwa hasira.

"Twende Kasulu kesho tukaangalie hizo injini," alisema. "Kuangalia hakuuzi shamba. Mambo ya Longinus tutayaongea tukirudi."

*

Asubuhi, gari likiwa limepoa na kujazwa maji, walipakia abiria stendi. Dorcas alikaa nyuma na kikapu chake. Kiti cha mbele alikaa mwanamke mmoja aliyevaa hijabu ya kijani, mwenye lafudhi ya Tanga. Alijitambulisha kwa jina la Firdausi, mwalimu wa chuo cha ufundi huko Kasulu. Alikuwa Kibondo kwa kazi, sasa anarudi.

Njia nzima Fidele alimlaumu muuzaji.

"Hawa watu wanajua gari litakufa lini," alisema. "Wanakupa dhamana inayoishia siku moja kabla."

"Kwa hiyo gari lilisubiri kwa adabu mpaka dhamana iishe?" Firdausi aliuliza.

"Mwalimu, unanicheka."

"Ninakucheka kidogo."

Walifika kipande kisicho na lami. Vumbi jekundu lilikuwa limejaa hewani, maana lori lilikuwa limewatangulia. Kisha mlima ukaanza, na mshale wa joto nao ukaanza kupanda. Dorcas aliuona kutoka kiti cha nyuma. Moyo wake ukapanda nao.

"Zima gari," Firdausi alisema.

"Tumalize mlima kwanza, mwalimu. Juu pale kuna maji."

"Baba, zima. Kila hatua unayokwenda hivi unaichoma injini."

Fidele akasimama pembeni. Aliruka nje, akafungua boneti, akachukua dumu la maji na kitambaa. Mkono wake ulikuwa unaelekea kwenye mfuniko wa rejeta, lile sanduku bapa la mbele linalopoza maji ya injini. Firdausi aliwahi kuushika.

"Hapo usiguse. Maji ya ndani yanachemka na yamebanwa. Ukifungua yatakurukia usoni. Nimewahi kumwona mtu aliyepoteza jicho kwa haraka hiyo. Tunasubiri lipoe lenyewe."

"Mwalimu unafundisha nini hapo chuoni?" Fidele aliuliza, akiwa bado ameshika kitambaa chake.

"Magari."

Abiria wa nyuma wakacheka. Fidele alijikuna shingo. Sentensi zote alizosema kuhusu magari tangu Kibondo zilikuwa zinamrudia kichwani.

Gari likiwa linapoa, Firdausi alimuuliza Fidele habari zote za kuchemsha huko. Lilianza lini, linachemsha wapi, lini halichemshi. Fidele akaeleza habari za gasketi, moja moja, mpaka ile injini iliyotakiwa.

"Sawa," Firdausi alisema. "Gasketi zilikufa. Mliwahi kujua nini kiliziua?"

Fidele alimtazama Dorcas. Dorcas alimtazama Fidele.

"Gasketi haijiungulii tu," mwalimu aliendelea. "Mara nyingi inaungua kwa sababu gari limechemsha. Sasa mnabadilisha kilichoungua, na moto mnauacha pale pale. Lazima ziungue tena."

Aliwasha tochi ya simu, akainama mbele ya gari. Akamulika ndani ya shoo, ile sehemu ya mbele yenye matundu ya kupitisha hewa.

"Hiki ni nini?"

"Chandarua," Fidele alisema.

"Chandarua cha mbu?"

"Cha zamani. Sisi wote stendi tunafunga. Kuna vumbi, na mvua zikianza kuna kumbikumbi. Wanajaa kwenye rejeta. Chandarua kinawazuia."

Dorcas alijua desturi hiyo. Magari mengi ya stendi yalikuwa na kipande cha chandarua usoni, na jioni madereva walikifungua, wakakikung'uta ukutani. "Lakini wenzako wanafunga nje," alisema. "Mbona chako sijawahi kukiona?"

Fidele alikunja kitambaa chake.

"Nje kinaharibu sura ya gari," alisema. "Nilikifunga kwa ndani, nyuma ya shoo. Wiki ile ile dhamana ilipokwisha."

"Na umekikung'uta lini?"

Fidele aliinama, akaanza kukifungua.

Walikivuta. Hakikutoka kama chandarua, kilitoka kama kipande cha ukuta. Vumbi, tope na mbawa za kumbikumbi vilikuwa vimegandamana humo mpaka hata mwanga haukupita. Nyuma yake, uso wa rejeta ulikuwa mwekundu kama tofali.

Dorcas alikishika kwa vidole viwili. Alitaka kukasirika. Sare za watoto zilikuwa ndani ya kitambaa kile, na mabati ya jiko. Lakini kicheko kikamshinda nguvu.

"Kumbe Bwana Harusi alilivalisha gari shela," alisema, "tena akalifungia pumzi humo humo."

"Wewe nicheke tu," Fidele alisema. "Nimestahili."

"Sikiliza," Firdausi alisema. "Rejeta inapozwa na upepo unaopita hapa mbele. Ukiziba, ni kama mtu anayepanda mlima huku amefungwa blanketi usoni. Tambarare atajikaza. Mlimani ataanguka."

Gari lilipopoa sawasawa, waliiosha rejeta kwa maji safi, taratibu, wakiyamwaga kutokea upande wa injini ili uchafu utoke mbele. Firdausi akachomoa kijiti cha oili na kukiangalia. Dorcas alisogea. Alijua, bila kuambiwa, kwamba shamba lilikuwa linategemea kijiti kile.

"Kama maji yangeingia kwenye oili, ingekuwa kama chai ya maziwa," mwalimu alisema. "Angalieni wenyewe. Ni oili."

Wakajaza maji, wakawasha. Firdausi alichungulia kwenye rejeta muda mrefu, akitafuta mapovu yanayotoka bila kukoma. Hayakuwepo.

"Gasketi hii ya mwisho bado nzima," alisema. "Tutaipima vizuri chuoni kwa kifaa. Ila kwa ninavyoona, injini yenu haijafa. Msiinunulie mwenzake."

Dorcas alikaa juu ya jiwe la pembeni, kama mtu aliyetua mzigo ambao alikuwa hajui kwamba ameubeba.

*

Walipanda mlima. Wote, mpaka abiria, walikuwa wanautazama mshale. Ulipanda kidogo, ukafika katikati, ukakaa hapo. Kileleni mzee mmoja wa kiti cha nyuma akasema, "Haya, sasa tupumue na sisi," na gari zima likacheka.

Simu ya Fidele ililia. Alikuwa Longinus. Fidele alimpa Dorcas, maana yeye anaendesha.

"Shikamoo, mzee Longinus. Hapana, shamba hatuuzi tena."

Sauti ya Longinus ilisikika gari zima. "Kwani mmepata hela?"

"Tumepata hewa," Dorcas alisema, na kukata simu.

"Basi yule muuzaji wa Kasulu nimemsingizia," Fidele alisema baadaye.

"Kwa hili, ndiyo," Firdausi alijibu. "Lakini hiyo dhamana yake ilisemaje? Inahusu injini? Giaboksi? Nani analipa spea, nani analipa fundi?"

"Aliniambia kwa mdomo tu. Miezi mitatu."

"Basi hata kosa lingekuwa la kwake, ungekuwa huna cha kumwonyesha. Siku nyingine iwe kwa maandishi, uisome kabla ya kulipa. Kabla haijaisha, lipeleke gari kwa fundi unayemwamini wewe, siyo wa muuzaji, alikague lote. Ukikuta kasoro, mwambie muuzaji muda huo huo. Usisubiri likuzimikie njiani."

"Na fundi je?" Dorcas aliuliza.

"Fundi muulize kilichoharibika, na kilichokiharibu. Kifaa cha zamani mwambie akupe mkononi ukione. Halafu muulize, kazi yake ikirudi baada ya wiki mbili, atafanyaje? Fundi mzuri hakasiriki kwa maswali hayo."

Kipimo cha chuoni kilisema kama alivyosema yeye. Gasketi ilikuwa nzima.

*

Fundi Salumu alikasirika kidogo alipoulizwa maswali hayo.

"Mmekuja kunitahini?" aliuliza kesho yake, huku anajifuta mikono.

"Tumekuja kwako kwa sababu wewe ndiye fundi wetu," Dorcas alisema. "Tungetaka mwingine, mji huu unao." Akamweleza yote, akamwonyesha chandarua.

Salumu alikigeuza geuza. Hasira ilimtoka usoni polepole. "Huyu mumeo kila akija ananiambia, fundi, kesho asubuhi nataka niwe barabarani. Mimi nikafungua juu, nikafunga juu. Mbele sikuangalia." Akamrudishia Dorcas chandarua. "Ilikuwa kazi yangu kuangalia."

"Na mimi ilikuwa kazi yangu kukwambia nilichofunga," Fidele alisema.

Walikubaliana hapo hapo. Salumu alitoa kwenye rejeta maji ya mtoni yaliyokuwa na kutu, akaweka kulanti, maji maalumu ya rejeta. Akabadilisha mfuniko wa rejeta uliolegea. Akasema kazi yake yoyote ikirudi ndani ya mwezi mmoja kwa kosa lile lile, hatadai malipo ya ufundi. Tangu siku hiyo madereva wengine wa stendi nao wakaanza kumdai maneno hayo hayo, na yeye akayazoea.

Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, mchomoko ulipanda mlima wa Busunzu ukiwa na mbegu za maharage, majembe, na Mama Kezia kiti cha mbele. Mshale ulikaa katikati kama umegongomelewa misumari. Mabati ya jiko yalikuwa hayajanunuliwa bado, lakini sare zilikuwa zimepatikana.

Shambani, Mama Kezia alivua viatu. Alitembea mpaka mpakani, akahakikisha kila mche wa mpaka upo mahali pake. Ng'ambo ya mpaka Longinus alikuwa analima. Wakasalimiana kwa Kiha, kwa heshima zote. Kisha mama akamgeukia mwanawe.

"Likichemsha tena, Fidele?"

"Halitachemsha, mama."

"Sikukuuliza hivyo. Gari ni chuma. Leo hili, kesho jingine. Nimekuuliza, siku hiyo utafanya nini?"

Fidele alifikiri. Dorcas, aliyekuwa ameinama na jembe, alisimama kusikiliza.

"Nitalizima," Fidele alisema. "Nitatafuta kinacholiumiza kabla sijalipia chochote."

"Na ukikikosa?"

Fidele alimwona Longinus ng'ambo, amesimama, mikono juu ya mpini wa jembe. Akapaza sauti ifike mpaka kule.

"Mama, nikikikosa nitauza gari, nitatembea kwa miguu. Shamba hili silitoi kwa ajili ya chuma. Nakuahidi mbele ya mke wangu, na mbele ya mzee Longinus anayesikia: hapa hutahama."