Itika kwa Macho

Ukimkuta mwalimu Rehana pale Mikindani anaanua nguo, mwamkie tu, upite. Usimuulize habari ya mkono wake. Mimi ni jirani yake, nimeyasikia kwake mwenyewe, na kila akifika katikati hushusha sauti mpaka nasogeza kiti.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Rehana hufundisha vijana maigizo, na watengeneza filamu wa Dar es Salaam walitaka picha za sura kabla ya kuchagua wa kuigiza. Akakodi chumba cha chini katika nyumba ya kale ya mawe, chenye mlango mmoja na dirisha dogo, akamwita Isaya mpiga picha. Tangu asubuhi aliwakagua vijana wake kama mama wa bibi harusi. Shati lisiwe na maandishi. Poda kidogo. Midomo ipakwe mafuta.

"Na msikenue," aliwaambia. "Hawatafuti mtu wa kutangaza dawa ya meno."

Kisha akawapa siri yake ya kazi. Nyuma ya kamera, mweke mtu unayemkumbuka sana. Mwache akuite. Usifungue mdomo, mwitike kwa macho.

Yolanda, binti wa Mahurunga ambaye wazee wake walivuka kutoka Msumbiji, akaguna. "Mwalimu, kwetu ukiitwa na mtu usiyemwona, huitiki. Unauliza kwanza, we nani?"

"Hata kwetu," Rehana akacheka. "Bibi yangu alituchapa sana kwa hilo. Lakini hii ni sanaa, mwanangu."

Yolanda akapigwa picha akimfikiria mbuzi wake, ikatoka nzuri tu, akaenda zake nje kunywa maji. Isaya akarudishia mlango.

Akabaki Saumu. Huyu alikuwa mtoto wa Zainabu, mdogo wake Rehana, aliyezama mtoni Ruvuma akivuka pale Kilambo. Mwili haukupatikana. Rehana ndiye aliyemlea Saumu, na hakuwa na mtoto mwingine duniani.

Saumu akakaa kitini. Rehana akasimama pembeni na ubao mweupe wa kumrudishia mwanga usoni. Isaya akapiga moja, akaitazama.

"Hii sasa ndiyo picha," akasema.

"Inatosha, mwanangu. Inuka," Rehana akamwambia.

Saumu hakuinuka.

"Mamkubwa," alinong'ona, "siwezi. Ananiita."

"Nani?"

"Mama. Kaloa chepechepe."

Isaya akaiacha kamera, akaenda mlangoni. Mlango ule haukuwa na kufuli wala komeo. Ukakataa. Akausukuma kwa bega, ukakataa. Akapiga kelele kumwita Yolanda. Yolanda alikuwa akiimba hapo hapo nje, wala hakusikia. Chumbani pakaanza kunuka tope la mtoni.

Rehana alimshika mtoto mabega, akavuta. Alikuwa mzito kama gunia la chumvi lililolowa. Akasimama mbele yake kuziba kamera. Macho ya Saumu yalimpita, yakaendelea kutazama. Soksi zake zililowa. Kisha sketi. Maji yalipanda, na sakafu ilikuwa kavu.

"Nimwitike kwa mdomo?" Saumu akauliza.

"Usithubutu!"

Hapo Rehana akaisikia mwenyewe, nyuma ya kisogo chake. Sauti ya mdogo wake. Saumu. Saumu. Haikuwa na hasira, ilikuwa na upweke tu. Kila ikiita, maji yalipanda. Yalimfika Saumu kifuani. Rehana akaelewa kuwa haitanyamaza mpaka mtu aitike. Alimpenda Zainabu, lakini mtoto huyu hakuwa wa kumpa.

Akageuka.

"Abee," akaitika. "Niite mimi, Zai. Niko hapa."

Mwito ukakoma. Kitu cha baridi kikamshika kifundo cha mkono wa kulia. Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu. Yolanda alikuwa amesimama na chupa yake ya maji. Saumu akaanguka kutoka kitini, akilia kama mtoto mchanga.

Picha ile moja ndiyo iliyompa Saumu nafasi. Sasa yuko Dar es Salaam, anaigiza, na kila wiki humbembeleza mamkubwa wake aende wakakae wote. Rehana hufunga mzigo, akafika stendi, akaweka mguu kwenye basi. Mkono ukavutwa nyuma. Akarudi.

Isaya aliikuza picha, akamwonyesha Rehana mara moja, na tangu hapo hakanyagi Mikindani. Kwenye mboni za Saumu unaonekana ubao mweupe umesimama hewani, hauna mshikaji. Nyuma ya Isaya wamesimama wanawake wawili. Mmoja, aliyelowa, kamshika mwenzake kifundo cha mkono wa kulia. Na picha ile ilipigwa kabla Rehana hajaitika.

Jana nilimsaidia kuanua nguo. Jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi, na gauni lake lilikuwa kavu lote isipokuwa mkono wa kulia. Nikaukamua. Yakatoka maji yenye tope.