Lawama Nyuma ya Pazia

Walikutana kwenye duka la vitambaa siku ya punguzo, watu wamebanana kama vifungo kwenye kopo. Binti aliyevaa gauni la manjano alishika jora la buluu upande huu, kijana wa shati lililopigwa pasi ya kisawasawa akalishika upande ule.

"Dada, nimelitangulia."

"Umetangulia kushika upande wa ndani. Mtu hajui upande wa nje wa kitambaa, anataka jora zima?"

Kijana akaligeuza, akalipapasa, akacheka. "Chukua. Ila mwenye jicho hilo hakosi karakana. Hamhitaji mkataji?"

Ndivyo kijana alivyoingia karakana ya ushonaji ya mama yake yule binti. Mafundi walimwita Sentimita, kwa kupima kila kitu mara mbili. Binti mwenyewe jina lake lilikuwa Pini tangu utotoni, kwa sababu ya ulimi. Haikupita miezi sita wakawa wanarudi nyumbani njia moja, ingawa nyumba zao zilikuwa njia mbili.

Kisha mama akapasuliwa macho, akafungwa bandeji, akamkabidhi binti chaki na ubao wa vipimo.

"Watu si cherehani, mwanangu. Ukiwa na lawama, mwite mtu nyuma ya pazia la kupimia. Ukiwa na sifa, iseme mezani, wote wasikie."

Pini aliitikia, mawazo yake yako kwenye suruali sitini za wauguzi zilizotakiwa Ijumaa.

Jumatano asubuhi Sentimita alisimama mbele ya ubao, futi shingoni. "Pini wangu, urefu huu umeshaongeza nafasi ya pindo?"

"Fuata ubao. Na hapa kazini mimi si Pini wako."

"Sawa, bosi." Akakata.

Saa nane fundi wa kwanza alipinda suruali ya kwanza. Ikaishia vidole vinne juu ya kifundo cha mguu. Cherehani tisa zikanyamaza, macho yote kwa Pini.

"Sentimita," akasema pale pale mezani, "umekata sitini bila akili? Mtu wa kupima mara mbili, kumbe hata mara moja hujui."

Sentimita alivua aproni, akaitundika, akatoka. Mkasi wake akauacha mezani, na mkataji hasahau mkasi.

Jioni Pini alimpigia simu, amekaa miguuni pa kitanda cha mama.

"Mpenzi, rudi basi."

"Mpenzi yupi? Mimi nina bosi tu."

"Sasa hivi niko nyumbani."

"Nimetukanwa mezani, Pini. Kubembelezwa kwenye simu hakunitoshi." Simu ikakatika.

Mama hakugeuza kichwa. "Ubao aliandika nani?"

"Mimi."

"Nani aliuliza?"

"Yeye."

"Baba yako nilimfokea hivyo hivyo mbele ya mafundi," mama akasema. "Nikamwomba radhi chumbani, tuko wawili. Wiki mbili hakunisemesha. Lile pazia nililinunua baada ya hapo."

"Basi kesho nitamwita nyuma ya pazia."

"Kwa lipi? Umemwaga mezani, futa mezani."

Alhamisi Sentimita alikuja kuchukua mkasi. Mama naye alikuwa ameletwa karakana, ameshikwa mkono hadi kitini, bandeji machoni. Pini akaweka chaki chini.

"Jamani, simamisheni mashine. Ubao niliandika mimi, pindo nilisahau mimi. Huyu aliuliza, nikamnyamazisha, kisha nikamtukana mbele yenu. Naomba radhi mbele yenu."

Sentimita akachukua mkasi, akaelekea mlangoni. Pini akashika ukingo wa meza.

"We baba," fundi mmoja, mama mtu mzima, akasema, "si umesikia?"

"Nimesikia, mama. Napima mara ya pili."

Watu wakaangua kicheko. Akageuka, akavaa aproni. "Leteni kitambaa cheupe. Kila mguu tuunge ukanda chini, watadhani ni mtindo."

Ijumaa adhuhuri mwenye mzigo aliusifia ule mtindo, akaondoka nao. Sentimita akamsogelea Pini, uso mkavu.

"Bosi, nina neno. Twende nyuma ya pazia."

Pini akawaza: Anaacha kazi huyu. Ananiacha na mimi.

"Ni lawama?" mama akauliza kutoka kitini.

"Hapana, mama."

"Basi liseme mezani."

Sentimita akavua futi shingoni, akakizungushia kidole cha Pini. Akapima. Akapima tena.

"Nauliza kabla sijakata, bosi. Pete ya kipimo hiki, utaivaa?"

Safari hii Pini alimjibu. "Nitaivaa, Sentimita wangu. Na uniite Pini, hata hapa kazini."